Ndevu za Mbuzi wa Hooyo

Siku ya tisa tangu mto Tana uingie nyumbani kwetu bila kubisha hodi, nilikuwa nimekaa juu ya mtungi wa njano, nimeshika chupa, nambembeleza msichana wa miezi minane anywe maziwa ya unga.

"Iftin, abti, onja tu. Hata mimi nimeonja. Si unaniona? Sijafa."

Abti ni mjomba, na kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilo hilo. Iftin alinitazama vile polisi wa barabarani anatazama kitambulisho chako, mbele, nyuma, mbele tena, halafu akafunga mdomo. Nikamtilia tone moja kwa nguvu. Akalitema kwenye shati langu, na hilo ndilo shati lililobaki. Kisha akalia. Si kile kilio cha siku za kwanza, cha kuamsha kambi nzima hadi watu wa mahema ya mbali wanatuma salamu za matusi. Hiki kilikuwa kilio chembamba, kama mlango unaohitaji mafuta. Ndicho kilichonitia hofu.

Iftin ni wa dada yangu Sabrin. Sabrin alipata kibarua Dadaab, siku kumi za kuandikisha watu kwenye ofisi ya shirika fulani, akamwacha mtoto kwa mama yetu. "Siku kumi tu, Liban," aliniambia. "Hata wewe huwezi kuharibu kitu kwa siku kumi." Siku ya nne barabara ikakatika. Maji yalikula lami, yakala na karavati, na malori yakapanga foleni pande mbili yakitazamana. Sasa kila mtandao ukirudi ananipigia.

"Amekunywa?"

"Amekunywa, walaal, dada yangu. Amemaliza, anataka nyingine."

Kudanganya ndiyo kozi pekee niliyowahi kumaliza. Ile ya chuo iliishia mwaka wa tatu, siku nilipobandika tangazo ubaoni kwamba mtihani wa takwimu umeahirishwa. Watu mia mbili na kumi walilala fofofo asubuhi ile. Ubaya ni kwamba mtihani ulikuwa wangu pia, na mimi pia nililala. Nikaambiwa nikae nyumbani kidogo. Kidogo hicho sasa kina miaka miwili.

"Mpe uji," akasema mama kutoka ndani ya hema.

"Hooyo, uji ameutema tangu jana."

"Basi alhamdulillah, atakula akipata njaa."

Hapo ndipo niliposikia kichwa kinachemka. Nyumba imeenda, alhamdulillah. Mbuzi kumi na moja wameenda, alhamdulillah. Foleni ya turubai tumesimama kutwa, na tulipofika mbele turubai zimeisha, alhamdulillah. Jamaa mwenye jaketi lenye mifuko mingi akaja kutupiga picha tukiwa tumesikitika, akatuomba tusikitike tena kwa sababu mwanga haukuwa mzuri, na mama yangu, Batula mwenye akili zake timamu, akasema alhamdulillah na kusikitika upya.

Mwaka juzi wakati wa kiangazi mji mzima tulitoka uwanjani kuomba mvua. Nilikuwepo. Nilimnong'oneza Isak, rafiki yangu, kwamba tusisahau kutaja kiasi. Nilikuwa natania. Sasa sikuwa natania tena, na kwa siku tisa sikuwa nimeswali hata rakaa moja. Sikuwa nimemkana Mungu, tuelewane. Nilikuwa nimemnunia.

Kitu ambacho Iftin alikuwa anakitaka nilikijua. Alikuwa anataka maziwa ya Adey. Adey maana yake mweupe, na usicheke jina, maana mbuzi wetu wote ni weupe. Lakini huyu ndiye alikuwa mbuzi wa mtoto. Sabrin alipokauka maziwa, mtoto akiwa na miezi mitatu, Adey ndiye aliyechukua zamu. Mama alikuwa anakamua kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, anachemsha, anampa Iftin bado yana joto, na mtoto anashika kikombe kwa mikono miwili kama mzee kwenye kibanda cha chai.

Saa nne hivi Isak akaja mbio, ndala mkononi.

"Wewe! Kwa Billow kuna mbuzi ana ndevu nyekundu!"

"Jana nilienda kwa Billow. Hakuna."

"Jana wote walikuwa tope. Leo tope limekauka linabanduka. Wallahi nimeona kitu chekundu hapa," akashika kidevu chake.

Nikamwachia mama chupa, nikatoka.

Lazima nieleze hizo ndevu, hata kama hazinipi sifa nzuri.

Mtaani kwetu kuna Maalim Warsame. Amefundisha Qurani watoto wote wa pale, na mimi nikiwemo, na kiboko chake nakijua kuliko herufi zenyewe. Ana ndevu ndefu za hina, za rangi ya chungwa lililoiva. Siku moja kwenye kibanda cha Zeinab, mbele ya watu wote, akaniangalia nikinywa chai, akasema, "Huyu tulimpeleka mbali akasome. Amerudi na nywele." Watu wakacheka mpaka Zeinab akamwaga sukari.

Nilienda nyumbani. Kulikuwa na hina iliyobaki ya harusi ya jirani, ya bakuli zima, na Adey ana ndevu nzuri kwa mbuzi jike. Nikampaka, nikamfunga nailoni usiku kucha kama bibi harusi. Alhamisi nikarudi kibandani na Adey. Maalim alikuwa ametundika koti lake kwenye msumari, nikatia konzi ya mahindi mfukoni. Aliposimama kwenda kuswali alasiri, Adey akamfuata. Pole pole, kwa heshima, pua kwenye koti, ndevu za chungwa zikitikisika nyuma ya ndevu za chungwa, kutoka kwa Zeinab mpaka mlango wa msikiti. Isak alicheka akakaa chini barabarani. Alirekodi na video.

Mlangoni Maalim akageuka. Akamtazama mbuzi. Akatia mkono mfukoni, akatoa mahindi, akayaangalia, akayamwaga chini taratibu. Akaingia ndani. Tangu siku ile nikimwamkia "Assalamu alaykum, Maalim," ananijibu "Wa alaykum," basi. Kutojibu salamu ni dhambi, kwa hiyo ananijibu, lakini nusu. Ijumaa iliyofuata akatoa mawaidha marefu kuhusu anayecheka ndevu za Mwislamu, na hakuna aliyeinua macho kutoka kwenye mkeka. Wiki tatu baadaye mvua ikaanza.

Billow ni mfugaji. Siku maji yalipokuja alisimama kwenye kona ya mto na kamba kiunoni, akawavuta wanyama wa watu mmoja mmoja, mpaka kamba ikamchuna ngozi. Alikuwa na mbuzi kama ishirini ndani ya boma la miiba kando ya barabara, na watu walikuwa wanakuja kutwa kutafuta wao. Nilimjua Adey nikiwa bado mbali. Amekonda, mbavu nje, lakini alikuwa na zile ndevu.

"Billow, adeer, ami yangu, Mungu akulipe. Huyu ni wetu."

"Huyu ni wangu," akasema Billow bila kuinuka. "Nilikuwa na jike mweupe kama huyu, wa maziwa. Tazama sikio."

Sikio la kushoto lilikuwa limekatwa ncha. Sasa shida ni kwamba mimi na Billow ni ukoo mmoja, na alama ya ukoo ni hiyo hiyo. Nusu ya mbuzi waliozama Garissa walikuwa na sikio hilo.

"Tazama ndevu, basi."

"Tope."

"Tope gani? Lete maji."

Tukaleta maji. Nikasugua ndevu za mbuzi mbele ya watu wazima saba mpaka maji ya kopo yakawa kahawia. Tope likatoka. Rangi ikabaki, tena ikang'aa. Nikasimama kama wakili.

"Hii ni hina. Niliipaka mimi mwenyewe kabla ya mvua."

Billow akanitazama kwa makini. "Wewe si ndiye Liban wa Batula? Yule wa tangazo la mtihani?"

"Hiyo ni habari nyingine."

"Jana ulikuja hapa. Ukazunguka mara mbili, ukasema mbuzi wako hayupo. Leo yupo, na ana hina. Boma langu halina mlango, watu wanaingia na kutoka. Nani atanizuia kufikiri kwamba jana ulirudi na bakuli?"

Wale watu wazima saba wakatikisa vichwa. Na kusema ukweli, ningekuwa mimi, ningetikisa pia. Ndiyo kitu kilichoniuma. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nasema kweli tupu, na ilikuwa inanuka kama mchezo wangu.

"Sikiliza," Billow akasema, na hakuwa na ukali. "Mimi sitaki kula cha mtu. Leta shahidi. Mtu mzima, asiwe wa nyumba yenu, aape mbele ya watu kwamba alimuona mbuzi huyu na ndevu hizi kabla ya maji. Leo baada ya alasiri, kwa Maalim. Akiapa, chukua mbuzi wako."

Nikacheka kwa raha. Shahidi? Mtaa mzima ulimuona! Nikaanza na Isak, aliyekuwa amesimama pale pale.

"Isak, waambie."

"Niwaambie nini?"

"Si ulimrekodi?"

"Simu ilienda na maji."

"Najua simu ilienda na maji! Wewe uko hapa. Apa kwamba ulimuona."

Akanivuta pembeni. "Ndugu yangu, niape kwa Qurani, mbele ya Maalim Warsame, kwamba nilikuwepo? Ataniuliza, ulifanya nini ulipoona? Niseme nini? Nilisoma dua? Watoto wangu wawili wako darasani kwake."

"Isak, ni wewe umekuja kuniita!"

"Nimekuja kukuita. Sikuja kuapa."

Nikaenda kwa Zeinab, aliyekuwa ameshafungua kibanda kipya cha makuti na mabati mawili. Huyo mwanamke hata maji ya Nuhu hayangemnyima wateja.

"Eedo Zeinab, unakumbuka siku mbuzi wetu alimfuata Maalim? Ulicheka mpaka ukashika nguzo."

"Mimi? Nilicheka?"

"Ulilia machozi."

"Nilikuwa nakohoa," akasema, akapuliza moto. "Moshi huu. Tangu zamani unanisumbua."

Nilizunguka kambi mpaka saa nane. Mmoja alikuwa ameenda Masalani siku ile. Mwingine alikuwa amelala. Mwingine aliniambia yeye macho yake hayaoni rangi. Watu zaidi ya arobaini walikuwa kwenye ile barabara, na kumbe Maalim Warsame alitembea jangwani peke yake na mbuzi. Nilirudi hemani koo limekauka. Iftin alikuwa amelala begani kwa mama. Midomo yake ilikuwa imepauka, na alipoamka hakulia, alifungua tu mdomo na kuufunga.

"Nenda kwa Maalim mwenyewe," mama akasema.

"Hooyo, afadhali niende kwa mamba."

"Mamba hakumuona mbuzi. Maalim alimuona."

"Atanifukuza."

"Akufukuze, urudi. Lakini nenda." Akamgeuza mtoto bega la pili. Kisha akasema kitu ambacho sikutarajia. "Unadhani mimi nasema alhamdulillah kwa sababu sijakasirika? Nikinyamaza nitapiga kelele, hooyo, mwanangu. Nitapiga kelele mpaka huyu mtoto aogope. Kwa hiyo nasema hilo. Nenda."

Maalim alikuwa ameketi juani nyuma ya turubai lililokuwa msikiti wetu, mbele yake misahafu iliyookolewa kwenye matope. Alikuwa ameifungua yote, na kila ukurasa ameuwekea kokoto usipeperuke. Anageuza mmoja, anapuliza, anaweka kokoto, anaenda kwa mwingine. Ndevu zake zilinishangaza. Siku nyingi bila hina, na chini kwenye ngozi zilikuwa nyeupe kabisa, juu chungwa lililofifia. Alionekana mzee kuliko mwezi uliopita.

"Assalamu alaykum, Maalim."

"Wa alaykum."

Nikamwambia yote. Mbuzi, Billow, mashahidi. Niliongea haraka kama mtu anayeruka moto. Hakunitazama.

"Shika hapa," akasema.

Nikashika ukurasa. Ulikuwa mwepesi na mgumu kama chapati ya jana. Yeye akautenganisha na mwenzake kwa kucha, pole pole sana.

"Leo umeswali?"

"Hapana."

"Jana?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Sina nguo safi, Maalim."

"Waryaa, wewe kijana."

"Nimekasirika."

"Umemkasirikia nani?"

Nikaonyesha juu kwa kidevu tu, na hapo hapo nikajuta, nikangoja kiboko kama nina miaka saba. Hakikuja. Akaweka kokoto.

"Mimi pia nimekasirika," akasema. "Nimekukasirikia wewe. Nina miaka sabini na mbili, nimefuatwa na mbuzi hadi mlango wa nyumba ya Mungu. Bado nimekasirika, hata sasa hivi unavyonishikia ukurasa. Je, salamu yako nimewahi kuacha kuijibu?"

"Hapana."

"Basi nenda."

"Maalim, utakuja kuapa?"

"Nimesema nenda. Unaziba jua."

Hilo ndilo jibu nililoondoka nalo. Hata ndiyo au hapana sikupewa. Nilipiga teke mtungi wa mtu njiani, kumbe umejaa, nikachechemea mpaka alasiri.

Wakati wa swala nilikaa nje, juu ya jiwe. Billow alikuja amemfunga Adey kamba, akamkabidhi mzee mmoja kiguru amshikie, akaingia safuni. Nilisikia wakiinama na kuinuka kwa pamoja, ule mlio wa magoti mengi juu ya turubai. Walipomaliza, Maalim akageuka, akaita, na watu wakakaa. Wanawake walikuwa upande wa pili wa pazia la magunia, mama yangu akiwa kati yao na Iftin.

Billow alieleza maneno yake, bila kuongeza chumvi. Mimi nikaeleza yangu.

"Nani ana ushahidi?" Maalim akauliza.

Nikamtazama Isak. Alikuwa anachunguza vidole vyake vya miguu kana kwamba kuna aliyemwibia kimoja. Nyuma ya pazia mtu akakohoa, na najua alikuwa Zeinab.

"Hakuna?"

Nilikuwa nimeanza kuinuka niondoke. Ndipo Maalim akainuka mahali pa imamu, akatembea, akaja kusimama upande wangu, mbali kidogo, asije akanigusa.

"Mimi ni shahidi," akasema. "Wallahi. Ilikuwa Alhamisi, wiki tatu kabla ya mvua. Nilitoka kwa Zeinab baada ya chai. Mbuzi huyu alinifuata. Ndevu zake zilikuwa zimepakwa, kama zangu. Mfukoni mwa koti langu kulikuwa na mahindi ambayo sikuyatia. Alinifuata mpaka mlangoni. Sikio lake la kulia lina kovu la mwiba, mtazame, nilikuwa na muda wa kumwangalia." Akavuta pumzi. "Watu waliokuwepo ni Isak, ambaye alicheka akakaa chini. Zeinab, ambaye alishika nguzo. Na wewe, na wewe, na wewe pale nyuma unayejificha mgongoni kwa Abdijabar. Nyote mlimuona mbuzi. Mungu awasamehe macho yenu."

Mzee wa kamba akageuza sikio la kulia la Adey. Kovu lilikuwepo. Hata mimi sikuwa nalijua.

Halafu nyuma ya pazia mtu akacheka. Alijaribu kuzuia, ikamtoka puani, ikamtoka tena. Nilijua kicheko hicho tangu nizaliwe. Mama yangu. Baada yake Isak, halafu safu ya pili, halafu wote, wazee wakipangusa macho kwa vilemba, Billow mwenyewe akipiga paja. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza watu wale kucheka tangu maji yaje. Maalim Warsame hakucheka. Alingoja mpaka wakamaliza.

"Ushahidi ni wa Mwenyezi Mungu, nimeutoa," akaniambia. "Msamaha ni wangu. Sijautoa."

Akaenda zake.

Sikujali. Nilimvuta Adey mpaka hemani karibu nikimkimbiza, mama akaja na kikombe, nikachuchumaa, nikashika chuchu. Nikakamua. Hakuna. Nikabadilisha. Hakuna. Nikampapasa, nikamwomba, nikamtukana ukoo wake, na mwisho wa yote chini ya kikombe kulikuwa na kitu kama mate ya shomoro. Siku tisa bila kukamuliwa, mtoto wake amezama, majani hakuna. Alikuwa amekauka kama ubao.

Billow alikuwa amenifuata kuchukua kamba yake.

"Huyo hana kitu," akasema. "Mimi nilijaribu tangu juzi."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaniacha nizunguke kambi nzima?"

"Ulisema unataka mbuzi. Hukusema unataka maziwa."

Nikarusha kikombe. Sijui nilikuwa namlenga nani, kiligonga hema la jirani na jirani akauliza kulikoni. "Nimeshinda kesi ya mbuzi mkavu!" nikapiga kelele. "Nimeshinda! Mniandikie alhamdulillah!" Iftin akashtuka, akaanza kile kilio chake chembamba. Billow akageuza kichwa, akamtazama mtoto begani kwa mama, kwa muda mrefu.

"Huyu ndiye anayenyonya huyo mbuzi?"

"Ndiye," mama akasema.

"Mama yake?"

"Dadaab. Barabara imekatika."

Billow akanigeukia, na sasa alikuwa mkali. "Kwa nini hukusema kuna mtoto?"

"Ungeniamini?"

Akafikiri kwa haki kabisa. "Hapana," akasema, akaondoka na kamba yake.

Nilikaa juu ya mtungi. Sikuwa na utani hata mmoja uliobaki, na hiyo ni hali ambayo siijui. Mama alikusanya kikombe, akakisuuza, akakiweka juu ya sanduku kama mtu anayengoja wageni. Hilo nalo liliniudhi.

Jua lilikuwa linashuka Billow aliporudi. Alikuwa anamvuta mbuzi mwenye madoa ya kahawia, kiwele kimejaa mpaka anatembea miguu wazi.

"Batula," akamwita mama yangu, mimi akaniruka. "Huyu si zawadi. Ni irmaansi. Mtakamua mpaka mpate wenu. Asubuhi mnibakizie kikombe kimoja, nina watoto na mimi. Huyo mkavu nampeleka malishoni na wangu mpaka azae."

Irmaansi ni jambo la zamani kwetu. Aliyepoteza mnyama wa maziwa, mwenzake humpa wake amkamue kwa muda, bila malipo. Nilikuwa nalisikia kwenye hadithi za bibi. Nilidhani liliisha na bibi.

"Billow," nikasema, "adeer, mimi..."

"Na wewe usimpake kitu."

Mama alikamua, akachemsha, akapooza kwa kumimina kikombe hadi kikombe. Iftin alinusa. Akanitazama mimi kwanza, kuona kama ni ujanja wangu. Halafu akashika kikombe kwa mikono miwili akanywa, akanywa, akapumzika akipumua kwa nguvu, akanywa tena, maziwa yakimtiririka shingoni. Mama hakusema alhamdulillah. Alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika.

Simu ikalia.

"Amekunywa?" Sabrin akauliza.

"Amekunywa."

"Liban, wallahi?"

"Wallahi," nikasema, na sauti ikanikatika katikati, mpaka akadhani ni mtandao.

Adhana ya magharibi ilipigwa kwa spika iliyookolewa, nusu ina maji, kila neno likitoka kama linaoga. Nilienda. Nilinawa kwa kikombe cha maji, nikasimama nje ya turubai, shati langu linanuka maziwa ya aina mbili. Bado nilikuwa nimenuna, nisiseme uongo. Nilitaka tu kuona kama nitaweza kusimama pale.

Maalim alikuwa mbele. Akageuka kama kawaida kuangalia safu. "Nyoosheni. Jazeni nafasi." Safu ya mwisho kati ya Billow na Isak kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Wangeweza kusogea. Hawakusogea. Maalim akaitazama nafasi ile, akanitazama mimi, akafunga mikono. Watu wote wakageuka.

"Tunangoja," akasema. "Magharibi haitungoji."

Nikaingia. Bega la Billow upande huu, bega la Isak upande ule, kidole chake kidogo cha mguu juu ya changu. Nilipoweka paji la uso chini, turubai lilikuwa bado na joto la mchana, na chini yake nilisikia mawe. Nilikaa pale muda kidogo kuliko wengine. Sikuomba kitu. Nililalamika tu, kirefu, na hakuna aliyenikatiza.

Tulipomaliza nilimngoja Maalim pale nje, akitafuta ndala zake.

"Assalamu alaykum, Maalim."

"Wa alaykum."

Nusu, kama kawaida. Akapita. Alikuwa ameshafika kwenye kona ya hema aliposimama, akashika ndevu zake za rangi mbili, bila kugeuka.

"Ile hina ulinunua wapi? Imeoga Tana, ikakaa kwenye tope siku tisa, na haijatoka."